Umri wa Mkono

Mzee wa teksi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba mpwa wangu hana mkono. Alisema sebuleni kwa mama wa mtoto, mdomoni ana mahamri ya mama huyo huyo, macho yake kwenye televisheni, tukiangalia kaseti ya mechi ya jana yake. Aliirudisha nyuma mara tatu ili sote tuone vizuri. Mpira unatoka mkononi, unapanda, unaning'inia, kisha unashuka taratibu kwa mwenzake ambaye amelazimika kusimama kuungoja.

"Hebu utazameni," alisema. "Unapanda kana kwamba una safari zake. Mpira wa kwotabeki wa kweli haupandi. Unakwenda."

Asiyeujua mpira wa Wamarekani anivumilie kidogo nieleze, maana mimi mwenyewe ulinichukua miaka. Katika mchezo ule wa mpira wenye umbo la yai, kuna mtu mmoja anayepewa mpira mwanzo wa kila shambulio. Wenzake wanamkinga, yeye anarudi nyuma hatua chache, anatafuta wa kumrushia, na anarusha kabla hajaangushwa chini. Huyo ndiye kwotabeki. Mji mzima una ruhusa ya kuujadili mkono wake kama ng'ombe mnadani. Mpwa wangu alikuwa kwotabeki wa shule yake ya sekondari, kusini-magharibi mwa Houston, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na sisi tuliozaliwa kwenye mpira wa miguu tuliupenda ule wa mikono kwa sababu yake tu.

Tulikuwa watatu wa kudumu. Mzee wa teksi alitoka Unguja, alikuwa ameendesha teksi Houston kabla sisi wengine hatujajua Houston iko wapi, na alikuwa na kamera ya video aliyoipenda kuliko gari lake. Kila Ijumaa jioni alisimama jukwaani akirekodi, na kila Jumamosi asubuhi alituletea kaseti mtaa wa Gulfton, kwenye fleti ya dada yangu. Wa pili alikuwa nesi wa kutoka Nakuru, aliyeishi mlango unaotazamana na wa dada. Jumapili yake ilikuwa ya kanisa, Jumamosi yake ilikuwa ya mpwa wangu. Wa tatu ni mimi, mjomba mtu.

Nyumbani Mombasa nilikuwa karani bandarini. Houston nilikuwa naendesha gari la kubebea mashuka ya hospitali, lakini ukarani haukunitoka. Mtu yeyote wa kwetu aliyekuwa na fomu ya viza, ya shule, ya matibabu, alikuja kwangu. Nilijaza kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, bila kufuta. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi. Watu waliniambia mkono wako una baraka, nami nikawa naitikia amina.

Dada yangu alikuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya wazee, mji wa jirani wa Sugar Land. Alipanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na alikuwa mjane. Alama za mtoto darasani zilikuwa za kawaida tu. Njia yake ya chuo kikuu ilikuwa moja, na kocha alikwishatueleza bila kuficha: makocha wa vyuo hutazama msimu wa mwisho wa sekondari. Mtoto akicheza msimu ule vizuri, chuo fulani kitamchukua na kumsomesha bure. Asipoucheza, hakuna atakayeulizia habari zake. Ndiyo maana ubishi wetu juu ya mkono, pamoja na utani wake wote, haukuwa mchezo kwa dada. Alikuwa akituletea chai na kusimama mlangoni na sinia tupu, asikie mzee wa teksi amesema nini leo.

Nesi ndiye aliyekuwa wakili wa mtoto. "Mzee, wewe unaangalia mkono tu," alisema. "Nguvu haitoki kwa mkono. Inatoka kwa hips, inatoka kwa miguu. Huyu kijana akiongeza mwili kidogo, utashangaa."

"Nitashangaa nikiwa hai?"

"Utakuwa hai. Blood pressure yako nimeipima mimi."

Jumamosi moja mzee wa teksi alichoka maneno, akamtoa mtoto nje. Alimsimamisha kwenye mlango wa chumba cha kufulia nguo, akatembea mwenyewe katikati ya magari akihesabu hatua, mpaka kwenye pipa kubwa la taka upande wa pili wa maegesho. "Nirushie hapa," alisema. "Usiupandishe. Unyooshe." Watoto wa fleti zote, Wasalvador, Wasomali, Wavietnamu, walitoka kutazama. Mpwa wangu alirusha mara tano. Mara tatu mpira ulidunda kabla ya kufika. Mara moja ulipiga kioo cha pembeni cha teksi ya mzee mwenyewe, tukacheka sana. Mara ya tano ulinyooka, ukapiga pipa, na mlio wake ukawatoa watu madirishani.

"Umeona?" nesi alisema.

"Nimeona mara moja katika tano," mzee alijibu, akiokota vipande vya kioo. Hakuwa na uchungu wa kioo. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililoniudhi.

Tuliporudi ndani ndipo ubishi ulipofika mahali ambapo sikutaka ufike. Nesi alisema mtoto apewe muda, mkono unakuja na mwili, na mwili wake bado. Mzee wa teksi akatikisa kichwa.

"Muda gani tena, binti yangu? Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha gari. Leseni yake nimeishika hivi. Ana miaka kumi na minane. Angekuwa na kumi na sita ningesema subirini, huyu atakuja kuwa mtu. Lakini mwanamume wa kumi na minane mkono wake ndio huo. Hauongezeki."

"Ati eighteen?" Nesi alimtazama mtoto, aliyekuwa amekaa sakafuni anafungua kamba za viatu. "Huyu hata ndevu hana." Kisha akanigeukia mimi. "Ni ukweli?"

Dada alikuwa mlangoni na sinia yake. Sikumtazama. Nilisema ndiyo, ni kumi na minane, yuko darasa la chini kidogo kwa sababu ya lugha. Nesi akasema sawa, lakini aliendelea kunitazama muda mrefu kuliko adabu.

Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na sita.

Dada alizaa mtoto wa kiume kabla ya huyu. Yule wa kwanza aliishi miezi minane, akashikwa na homa, tukamzika kabla ya alasiri. Miaka miwili baada ya kuzaliwa yule, akazaliwa huyu, naye akapewa jina la marehemu kaka yake, kama tunavyofanya kwetu ili jina lisiondoke nyumbani. Wa kwanza alizaliwa hospitali, akaandikishwa, cheti chake kikawekwa kabatini. Kifo chake hakuna aliyekwenda kukiandikisha. Nani ana nguvu za kupanga foleni kwa jambo hilo. Wa pili alizaliwa kwa bibi yake shamba, mikononi mwa mkunga, na hakuandikishwa popote. Alikuwa na kadi tu ya kliniki ya chanjo.

Kisha dada akapata viza ya bahati nasibu ya kuhamia Marekani. Mimi nilikuwa Houston tayari. Alinipigia simu analia: siku ya mahojiano ubalozini imekaribia, mtoto hana cheti, na kukipata cha kuchelewa kunataka miezi ya kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Nilimuuliza, kile cha kwanza unacho? Akasema anacho. Nikamwambia maneno ambayo nimeyasikia kichwani mwangu kila siku tangu hapo: "Jina ni lile lile, baba ni yule yule, mama ni wewe. Tumia hicho hicho." Fomu nilizijaza mimi, kwa kalamu nyeusi, nikazituma. Nilijiona mjanja.

Walifika katikati ya miaka ya tisini. Mtoto ana miaka tisa, karatasi zinasema kumi na moja. Mwalimu alishangaa udogo wake, nikamwambia watu wa pwani tunachelewa kukua. Nikamwomba, kwa kuwa hajui Kiingereza, ashushwe madarasa mawili, akae na watoto wa miaka tisa. Alikubali. Nilitoka pale shuleni nimefurahi, naona nimelirekebisha kosa langu bila mtu kujua. Mtoto mwenyewe hakujua. Sisi hatukuwa watu wa keki na mishumaa. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa tarehe ya kwenye karatasi, basi.

Mwezi wa tano, shule ikikaribia kufungwa kabla ya msimu wa mwisho, kocha alimwita dada ofisini, nami nikaenda kama mkalimani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti iliyokwisha kwa kupiga kelele. Alikuwa na faili la mtoto mezani. Alituambia ipo sheria ya michezo ya shule jimbo zima: mchezaji aliyefikisha miaka kumi na tisa kabla ya tarehe mosi Septemba haruhusiwi kucheza. Kwa faili hili, alisema, mtoto wenu anafikisha kumi na tisa mwezi wa saba. Kisha akalifunga faili, akaegemea mbele. Alisema amefundisha watoto wengi waliotoka mbali, na anajua tarehe za kwenye makaratasi huwa na makosa. Kama kuna kosa, tumletee chochote, kadi ya kliniki, barua ya hospitali, chochote, naye atalipeleka mbele na kulipigania. Alisema mtoto huyu anasoma uwanja kuliko mtoto yeyote aliyewahi kumfundisha. Kuhusu mkono alisema mkono utakuja.

Nilimtafsiria dada kila kitu isipokuwa ile habari ya kadi ya kliniki. Lakini dada alikuwa ameishi Marekani miaka minane, na Kiingereza hicho alikielewa.

Tulipofika nyumbani aliingia chumbani, akatoka na ile kadi. Ilikuwa imekunjwa ndani ya msahafu wake. Tarehe ya kweli ilikuwa pale, kwa mwandiko wa nesi wa kliniki, pamoja na uzito wa mtoto mwezi hadi mwezi.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema. "Nitamwambia nilifiwa, na huyu ni mwingine. Wakinirudisha, wanirudishe."

"Watamrudisha na yeye."

"Labda hawatamrudisha."

"Dada, ulikula kiapo ubalozini kwamba cheti kile ni chake. Miaka hii ndiyo ya kwenda kuwaambia kwamba mlidanganya? Mwislamu, mwenye jina kama letu?"

Ilikuwa miaka ya baada ya minara ya New York kuangushwa, miaka ya watu wetu kuitwa na kuulizwa maswali, kila msikiti una kisa chake, na nilichomwambia kilikuwa na ukweli ndani yake. Ndiyo maana kilifanya kazi. Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba chini ya zile fomu, mahali pa aliyezijaza, palikuwa na saini yangu, na mimi mwezi uliofuata nilikuwa naitwa kwenda kuapishwa uraia. Nilikuwa nimeungoja uraia ule miaka mingi. Niliogopa nafsi yangu kwanza, halafu nikamwogopea dada, halafu mtoto, kwa mpangilio huo. Nimejaribu kuubadilisha mpangilio huo kichwani na haubadiliki.

Niliichukua kadi mkononi mwake, nikairudisha ndani ya msahafu. Hakunizuia. Angenizuia ningeshindwa.

Nesi alikuja kwangu siku mbili baadaye, sijui alisikia nini na kutoka kwa nani. Alikaa na sare yake ya kazi, nikamtilia kahawa.

"Kaka, sitaki kuingilia," alisema. "Lakini nimefanya kazi ward ya watoto miaka mingi, na yule si mtu wa nineteen. Kuna eksirei wanafanya ya mkono, hapa kwa wrist. Mifupa ya mtoto bado haijafunga. Daktari akiangalia hawezi kukuambia siku, lakini anaweza kuona kama ni kumi na saba ama ni zaidi. Naweza kuongea na daktari mmoja. Hakuna haja ya karatasi ya mtu yeyote. Mkono wenyewe utasema."

Misimu miwili tulikuwa tumekaa tukiubishania mkono ule, na kumbe ungeweza kuulizwa. Nilijua pia kitakachofuata. Eksirei ikisema kumi na saba, mtu atauliza basi hiki cheti ni cha nani.

"Dada, tunashukuru," nilimwambia. "Mambo ya nyumba utuachie wenyewe."

Aliisogeza kahawa yake pembeni. "Sawa," alisema. "Nimekusikia." Aliondoka bila kuinywa, na tangu siku hiyo alinisalimia kama anavyosalimiwa mtu wa kwenye lifti.

Ikabaki kumwambia mtoto. Dada alisema hawezi, na ni haki yake. Nilimchukua kwenye gari baada ya alasiri, tukakaa maegesho, madirisha wazi kwa joto. Nilimweleza yote kwa taratibu: kaka yake, jina, cheti, simu yangu. Alisikiliza akitazama kioo cha mbele. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"So sina eighteen?"

"Huna. Una kumi na saba, imetimia juzi."

"For real, Mjomba?"

"Kweli."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, kwa kilio, hata kwa matusi. Sikuwa nimejiandaa kwa alichofanya. Alitabasamu. Tabasamu lilianza polepole likaenea uso mzima, akaukunja mkono wake wa kulia, akaunyoosha, akautazama kama amepewa mpya.

"Kumbe babu wa teksi alikosea," alisema. "Bado nakua. I got two more years. Mkono wangu bado unaweza ku-improve."

Alikuwa amemwamini mzee wa teksi. Misimu ile yote aliyokaa sakafuni akifungua viatu vyake, akitusikia tukisema mwanamume wa kumi na minane mkono wake ndio huo, alikuwa ameamini kwamba amekwisha. Na sasa alikuwa amepewa miaka miwili, mimi ndiye niliyempa, na nililazimika kumpokonya papo hapo kabla hajashuka garini. Nikamwambia habari ya sheria. Nikamwambia hatuwezi kumwambia mtu.

"Hata coach?"

"Hata kocha."

"But he likes me. Atatusaidia."

"Hawezi kutusaidia bila kuwaambia wengine."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa pale mdomoni kama limesahauliwa, halafu akaanza kuusugua ule mkono kwa mkono wa pili, juu chini, kama mtu anayesikia baridi, ndani ya gari lenye joto la kuoka mkate. Nikamwambia Mungu atafungua mlango mwingine. Ni maneno niliyoyadharau kabla sijayamaliza.

Msimu ulianza bila yeye. Kocha alimweka kijana mwingine, mrefu, mpira wake haupandi kabisa. Jumamosi ya kwanza mzee wa teksi alikuja na begi la kamera begani. Alikuwa amekwenda uwanjani jana yake na kurudi bila kurekodi hata dakika moja. Nesi alikuwepo pia, kwa ajili ya dada. Mzee hakukaa. Alisimama katikati ya sebule na kuuliza kuna nini, mtoto ameumia, amegombana na kocha, kuna nini.

Mtoto alikuwa jikoni, mlango wazi, anakausha vikombe. Ilinibidi kusema kitu ambacho mzee atakiamini na hatakirudia kwa kuuliza. Kilikuwepo kimoja tu.

"Kocha ameangalia kaseti zote," nilisema. "Ameona kama ulivyoona wewe. Mkono hautoshi."

Nilidhani atafurahi kidogo, kama mbishi yeyote anayeambiwa alikuwa sahihi. Alikaa chini ghafla. Alivua kofia yake na kuiweka gotini. "Mimi nilikuwa nasema tu," alisema. "Nilitaka aniaibishe." Kisha akamwita mtoto, akamwomba radhi mbele yetu sote, mzee yule, akisema mdomo wake ni wa kazi ya teksi, umezoea kupayuka, na kocha naye hajui kitu.

"It's okay, Babu," mpwa wangu alisema. "Ni kweli." Alikuwa ananitazama mimi. Nesi alichukua mkoba wake akaenda zake, na zile Jumamosi zikaishia hapo.

Mpwa wangu alimaliza shule akahamia Lewisville, kaskazini mwa Dallas, ambako rafiki yake alimpatia kazi kwenye ghala la matairi. Baadaye akapata leseni ya malori. Uraia wangu niliupata, na wa dada ukaja miaka michache baadaye. Hakuna aliyewahi kutuuliza chochote. Hilo nalo linanitesa. Nilimfungia mtoto mlango kwa sababu ya mgeni ambaye hakuja.

Alipopata mtoto wake wa kwanza, wa kike, alitualika kwenye akika. Tuliendesha kutoka Houston asubuhi, dada nyuma na sufuria mbili za pilau miguuni. Fleti ilikuwa imejaa watu wa kwetu wa Lewisville, Wakenya, Watanzania, na Mkongo mmoja mwenye sauti kubwa. Baada ya kula, wanaume walikaa mbele ya televisheni, na kwa kuwa ilikuwa Dallas wakaingia kwenye kwotabeki kijana ambaye timu yao ilikuwa imeanza kumchezesha. Nilisikia maneno yale yale, karibu kwa mpangilio ule ule. Mkono hana. Mpeni muda. Mwili bado. Mpira wake unaelea. Mkongo alisema kwa Kiswahili chake cha Kifaransa, "Mais, ile mukono itakomaa, muangalie miguu yake." Nilikaa na sahani yangu ya pilau, sijaimaliza.

Kijana mmoja akamgeukia mpwa wangu, aliyekuwa akipita na jagi la juisi. "Wewe si tulisikia ulikuwa una-play quarterback huko Houston? Tuambie wewe."

"Nilicheza kidogo," alijibu, akimjazia glasi. "Sikuwa na mkono."

Alisema kwa wepesi kabisa, na wale wakacheka, wakaendelea. Nilimfuata jikoni. Alikuwa anasuuza jagi. Mabega yake yalikuwa yamepanuka mno tangu utotoni, shingo imejaa. Nesi alikuwa ameahidi mwili na mwili ulikuja. Nilimwambia asiseme vile, hapa hakuna anayehitaji kudanganywa tena, na anajua vizuri kwamba si kweli.

"Najua nini, Mjomba?" Alifunga bomba. Hakuwa na hasira, na ningeipokea hasira yake kwa mikono miwili. "Ule mwaka ndio ungenionyesha, na sikuucheza. Labda mkono ungekuja. Labda babu wa teksi alikuwa right. I think about it nikiwa barabarani, nina-drive peke yangu, na sijui. Wewe unajua?"

Alingoja kweli, jagi mkononi, kama mtu anayeuliza kwa sababu anadhani huenda ukawa na jibu. Nilisimama mbele yake na sahani ya pilau iliyopoa. Nilikuwa sijui, na hakuna mtu duniani atakayekuja kujua, na aliyefanya iwe hivyo ni mimi.